Maji Baridi Kwanza

Saa moja jioni, Ngara, pasi zikiwa bado zinapumua,
Hirji huinua rimoti juu kama fimbo ya enzi
na sultani anaingia dukani kwetu.
Anasema Kiswahili sanifu, huyu sultani,
midomo ikitangulia, sauti ikifuata nyuma
kama mtumishi aliyechelewa kuleta mwavuli.

Kerubo anampenda mwanamfalme wa pili,
yule mwenye kovu lisiloharibu chochote.
Mimi napenda nguo.
Niseme kweli, hadithi yenyewe huniponyoka.
Nani kamtilia nani sumu, nani mwana wa suria,
hayo namwachia Kerubo, ana kichwa cha nasaba.
Mimi naona hariri ya kijani, mikono mipana,
nasema moyoni: hii haiguswi na maji moto,
na nyuzi hizo za dhahabu ukizipiga pasi zinalia.

Juzi walipigana kipindi kizima.
Farasi mia, matope hadi magotini,
jemadari akachomwa mkuki begani,
damu ikashuka mpaka kwenye mshipi.
Likaja tangazo la mafuta ya kupikia.
Tuliporudi, yuko mbele ya kiti cha enzi
na joho jeupe. Jeupe pe!
Nikaweka pasi chini.
Kerubo, nani kafua?

Alicheka. Lakini mimi nauliza.
Maana damu naijua.
Damu haitaki pupa. Maji baridi kwanza,
kisha chumvi, kisha sabuni ya kipande, kisha subira.
Ukiitia maji moto imekula kiapo na uzi,
haitoki hadi kiyama.
Mahali fulani nyuma ya kasri lile
pana mwanamke aliyebabuka mikono
anayejua vita vimekwendaje kabla ya mfalme kujua,
kwa kuhesabu mashati.
Haonyeshwi. Hata mgongo wake.

Na wale wanaoanguka.
Kuna mmoja nimeshamshika, ana masikio makubwa:
Jumatatu aliuawa akiwa adui,
Jumatano akauawa akiwa wetu,
Ijumaa nikamwona amebeba sinia la zabibu.
Nilifurahi, haki ya Mungu,
kama niliyekutana na ndugu yangu Kariokor.

Alhamisi ile Kerubo hakuwapo.
Mji mkuu wa sultani umezingirwa, ngazi zinaegemezwa kutani,
akaingia mwanamke na mfuko wa kitambaa.
Akatoa shati la jeshi, lenye mabaka ya kijani,
limekunjwa vile hukunja mtu asiyemjua mvaaji.
Nikafungua kitabu cha risiti. Jina?
Jepkemoi.
Nikaandika: shati moja, kufua, kupiga pasi.
"Hapana," akasema. "Usifue.
Kifungo tu. Cha mfuko wa kushoto."
Kola ilikuwa na mstari wa jasho, wa kahawia,
mstari ule ambao mshahara wangu wote ni kuufuta.

Juu yetu tarumbeta zikapasuka.
Hirji, ambaye hapunguzi sauti hata akipigiwa na daktari,
alitafuta rimoti, akaikosa,
akapanda kiti, na magoti yake yale,
akachomoa waya ukutani.

Nilishona palepale, yeye amesimama.
Uzi niliupitisha mara sita zaidi ya inavyotakiwa.
Hakuuliza bei.
Sikuitaja.
Alilikunja tena mwenyewe, mikunjo ileile,
kana kwamba shati lina njia zake.

Kesho yake Kerubo akataka kujua iliishaje,
kama mji ulianguka.
Nikamwambia sijui, stima ilikatika.

Leo anatawazwa mpya.
Mwanamfalme wa pili, Kerubo analia kwa raha,
joho jekundu, refu, linafagia ngazi kumi na mbili
na kila mtu ameinamisha kichwa.
Natazama pindo.
Litakuwa na vumbi, lile.